Pasi ya hifadhi kwa tunaoishi kwenye vani Marekani: ununue ipi, lini, na uitumie wapi

Watu wakituona na vani yetu huwa wanauliza mambo matatu, mafuta tunaweka kiasi gani, tunaoga wapi, na hizo hifadhi za taifa tunazilipiaje zote wakati kila geti ni dola thelathini na kitu. Mafuta na kuoga tutaongea siku nyingine. Leo nataka niwaelekeze hili la mageti hatua kwa hatua maana ndo sehemu nimeona watu wanapoteza hela bila sababu, mtu ana pasi mfukoni halafu analipa, mwingine hana pasi kabisa analipa geti kwa geti mpaka siku anakuja kujumlisha anakuta kalipa mara mbili ya bei ya pasi.

Kitu cha kushika mapema kabisa: pasi inalipa geti, kitanda hailipi. Hilo likishaingia kichwani mengine yote yanakuwa rahisi, ukilisahau utafika jioni umechoka, unamwonyesha mlinzi wa kambi kadi yako na anakwambia bado unadaiwa hela ya kulala.

Hatua ya 1: Andika safari kwanza, pasi baadaye

Chukua daftari, andika sehemu zote unazodhani utapita ndani ya miezi 12, pembeni andika bei ya geti kwa gari moja. Usiruke hii hatua hata kama unaona unajua. Mfano mzuri ni Utah kwa sababu hifadhi tano ziko jirani jirani na karibu kila mwenye vani anapita huko: Zion dola 35, Bryce Canyon 35, Capitol Reef 20, Arches 30, Canyonlands 30. Jumla 150. Pasi ya mwaka ya serikali kuu, ile inaitwa America the Beautiful, ni dola 80 kwa mkaazi wa Marekani. Yaani hujatoka hata jimbo moja umeshaokoa 70, na bado una miezi kumi na moja ya kwenda Grand Canyon, Yosemite, Yellowstone, Grand Teton, ambazo kila moja ni 35.

Lakini ukiandika orodha yako unaweza kukuta huihitaji, na hapo ndo faida ya daftari. National Park Service, wale wanaosimamia hifadhi za taifa, wana maeneo zaidi ya 400 na yanayotoza kiingilio ni kama mia moja na kidogo tu, mengine yote unaingia bure. North Cascades kule Washington bure, Great Basin Nevada bure, Hot Springs Arkansas bure, Congaree, Cuyahoga Valley, New River Gorge, zote hizo hakuna geti la kulipia. Mtu ambaye mwaka wake wote ni wa mashariki, anazunguka West Virginia na Ohio na South Carolina, anaweza kumaliza bila kufikisha hata dola 80, huyo asinunue kwa sababu tu kila mtu anayo.

Na kama unapenda sehemu moja tu, piga hesabu ya pasi ya sehemu hiyo. Arches na Canyonlands zina pasi yao ya pamoja ya kusini mashariki mwa Utah, dola 55, inaingia na Natural Bridges. Ila kwa mwenye vani anayehama hama mimi naona mara nyingi tofauti ya 55 na 80 ni ndogo mno kuacha nchi nzima kwa ajili yake. Hata zile pasi za mwaka za hifadhi moja moja, Yellowstone au Grand Canyon au Zion, zimekuwa dola 70, sasa kwa kumi zaidi si bora uchukue ya kila mahali.

Hatua ya 2: Jua unaingia kundi gani

Hapa soma taratibu maana mambo yamebadilika na wengi bado wanatumia habari za zamani.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 pasi ya mwaka ina bei mbili. Raia na mkaazi mwenye kitambulisho cha Marekani chenye picha, iwe pasipoti ya Marekani, leseni ya udereva ya jimbo, kitambulisho cha jimbo au grinikadi, analipa 80. Mgeni analipa 250. Alafu kuna hifadhi 11 zinazojaza watu sana ambazo mgeni asiye na pasi ya mwaka anaongezewa dola 100 kwa kila mtu wa kuanzia miaka 16, juu ya ile bei ya kawaida ya geti: Acadia, Bryce Canyon, Everglades, Glacier, Grand Canyon, Grand Teton, Rocky Mountain, Sequoia na Kings Canyon, Yellowstone, Yosemite na Zion.

Kwa hiyo kama una ndugu anakuja kutembea na anataka kukodi vani, mpigie hesabu kabla hajapanda ndege. Akiwa peke yake, Zion ni 35 na 100, jumla 135. Akienda na Bryce Canyon ni 135 nyingine, ameshafika 270 kwa mageti mawili, wakati pasi yake ni 250 mwaka mzima. Akitaka kuona moja tu kati ya hizo 11 basi alipe geti. Na akiwa tayari kubadilisha njia kidogo, Capitol Reef, Arches, Canyonlands na Death Valley hazimo kwenye ile orodha, analipa bei ile ile ya kila mtu, na mimi kwa kweli Capitol Reef naipenda kuliko Zion, watu wachache, miti ya matunda kule Fruita, mawe mekundu yamekusimamia pande zote na unaweza kukaa asubuhi nzima usisikie gari.

Ukiwa na miaka 62 na kuendelea na ni raia au una ukaazi wa kudumu, usinunue ya 80 ya mwaka. Kuna ya wazee, dola 20 kwa mwaka au 80 kwa maisha yako yote. Ukinunua za 20 mara nne unazikusanya unabadilishiwa ya maisha, kwa hiyo hata asiye na 80 leo anaweza kuanza. Mpaka Agosti 2017 ile ya maisha ilikuwa dola 10 tu, waliowahi waliwahi, lakini hata kwa 80 bado ni bei nzuri kuliko zote kwa sababu ya kitu nitakachokieleza kwenye hatua ya 6.

Mwenye ulemavu wa kudumu, raia au mkaazi wa kudumu, anapata ya maisha bure. Wanajeshi walioko kazini na familia zao bure ya mwaka, waliostaafu jeshi na waliowahi kutumikia bure ya maisha. Hizi za wazee na za ulemavu ukichukulia getini hutozwi ile gharama ya kushughulikia, ukiagiza mtandaoni inaongezwa, basi nenda getini na karatasi zako.

Mtoto wa darasa la nne anapata yake bure na inaingiza familia yote kwenye gari, inaanza 1 Septemba inaisha 31 Agosti. Wenzetu wenye watoto kwenye vani, hata anayesomea nyumbani wa umri huo anahesabika, mtoto anajaza mwenyewe kwenye tovuti, mnachapisha karatasi mnaenda kubadilisha. Mwaka huo mmoja upangieni safari ndefu.

Na kuna njia ya kujitolea. Ukifikisha saa 250 za kujitolea kwenye maeneo ya serikali kuu yanayoshiriki unapewa pasi ya mwaka bure. Saa 250 ni nyingi kwa mtu wa kawaida, ila mwenye vani anayekaa kama mwangalizi wa kambi, yule anayesafisha sehemu za moto na kuelekeza wageni, anazifikisha ndani ya msimu mmoja, tena na sehemu ya kuegesha anapewa bila kulipa. Ukifanya kazi hiyo hakikisha saa zako zinaandikwa tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Nunua mwanzo wa mwezi

Pasi ya plastiki haihesabu siku, inahesabu mwezi. Anayekuuzia anaitoboa tundu kwenye mwezi na kwenye mwaka wa kuisha, na inaisha siku ya mwisho ya mwezi huo. Kwa hiyo ukinunua tarehe 1 Mei na ukinunua tarehe 30 Mei zote mbili zinaisha 31 Mei mwaka unaofuata, bei ile ile, mmoja kapata karibu miezi 13 mwingine 12 na siku moja. Mimi nikifika karibu na geti tarehe 28 au 29 na sina pasi, nalala nje kwenye msitu siku mbili tatu nasubiri mwezi ugeuke. Siku hizo nafanya usafi wa gari, nafua, na sidhani nimewahi kuzijutia.

Kuanzia 2026 kuna na pasi ya kwenye simu unayonunua Recreation.gov, tovuti ya serikali ya kubuku, inafaa kwa aliye na haraka. Mimi bado napenda kadi kwa sababu mageti mengi hayana mtandao, kama unachukua ya simu basi ihifadhi ndani ya simu kabla hujaacha barabara kuu na betri iwe imejaa.

Ukishaipata kadi, saini nyuma hapo hapo, na iende pamoja na kitambulisho chenye picha, wataangalia vyote viwili. Haiazimwi, haiuzwi, na usinunue ya mtumba kwa mtu, jina na saini visipolingana wanaikataa na hela yako imeenda. Ikipotea hupewi nyingine, unanunua upya.

Hili la mwisho nalisema kwa uchungu. Mwaka wetu wa kwanza niliweka pasi kwenye mfuko wa koti, hali ya hewa ikabadilika ikawa joto, koti nikaliacha kwa rafiki Denver pamoja na nguo nyingine za baridi. Siku tatu baadaye tuko kwenye geti Utah, gari kumi nyuma yetu, mke wangu anafungua kila droo, na yule dada wa getini alikuwa mpole kabisa ila hawezi kutuingiza kwa maneno. Tukalipa 30. Tangu siku ile pasi yetu ina sehemu moja tu, nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua upande wa dereva, na leseni yangu ikitoka kwenye pochi inarudi kwenye pochi, haikai sehemu nyingine.

Hatua ya 4: Kama huna pasi, risiti yako itumie mpaka iishe

Tiketi ya gari kwenye hifadhi kubwa nyingi ni ya siku 7. Watu wanaingia siku moja, wanatoka, risiti wanaitupa. Wewe ingia asubuhi, jioni toka ukalale bure nje, kesho rudi na risiti na kitambulisho, fanya hivyo wiki nzima, dola 35 inakuwa dola 5 kwa siku. Na kama katikati ya hizo siku 7 umegundua utaendelea na safari za namna hii, nenda na risiti yako dirishani uulize kama wanakata ile uliyokwisha lipa kwenye bei ya pasi, uliza kabla siku hazijaisha.

Beba kadi ya benki. Mageti mengi sasa hivi hayapokei noti, Death Valley kwa mfano waliacha keshi tangu 2023.

Kuna pia siku za bure za mwaka, ila kuanzia 2026 ni kwa wakaazi tu. Mimi sizifuati. Siku ya bure foleni ya magari inakula asubuhi yako yote, na sehemu ya kuegesha vani ndefu hupati.

Hatua ya 5: Itoe pasi nje ya hifadhi za taifa

Hapa ndo watu wanaacha hela mezani. Ile kadi haijatengenezwa kwa National Park Service peke yao, ni ya taasisi sita: hao, na US Forest Service wa misitu ya taifa, Bureau of Land Management wa ardhi ya wazi ya serikali ambao wote tunawaita BLM, Fish and Wildlife Service wa hifadhi za ndege na wanyama, Bureau of Reclamation wa mabwawa, na US Army Corps of Engineers, wahandisi wa jeshi wenye maziwa ya mabwawa. Kwa hiyo ile ada ya kutwa ya kuegesha mwanzo wa njia ya miguu msituni, ufukweni mwa ziwa la bwawa la serikali, kwenye hifadhi ya ndege, kwa kawaida pasi inailipa.

Ukiwa Washington na Oregon utaona vibao vya Northwest Forest Pass, dola 5 kwa siku au 30 kwa mwaka. Kusini mwa California ni Adventure Pass, bei hizo hizo. Sedona Arizona ni Red Rock Pass, dola 5 kwa siku, 15 kwa wiki. Zote hizo tatu mwenye America the Beautiful hahitaji kununua. Tulipokaa Sedona tuliegesha sehemu tofauti siku nne, na kila siku naona watu wamepanga mstari kwenye ile mashine wakati naona kabisa kadi inaning'inia kwenye kioo chao. Nilimwambia mama mmoja, alikuwa ameshaingiza kadi ya benki kwenye mashine, akaitoa.

Ila uning'inize vizuri. Mahali pasipo na mtu, ushahidi wako ni kile kinachoonekana kwenye kioo cha mbele. Kuna kile kibebeo cha kutundika kwenye kioo cha kati, wanatoa bure ofisi za misitu na za hifadhi, omba kimoja. Upande wenye saini uonekane, na kama vani yako ina pazia la kuzuia jua kioo cha mbele basi kadi ikae mbele ya pazia.

Angalia kitu kimoja tu: maeneo mengine ya msitu yanaendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba, na hao si wote wanaokubali pasi. Kibao kitasema. Soma kibao kabla ya kuzima gari.

Na kwa wanaopenda ndege, ile stempu ya bata ya serikali kuu, Duck Stamp, ni dola 25, inatumika 1 Julai mpaka 30 Juni, na inakuingiza kwenye hifadhi yoyote ya Fish and Wildlife inayotoza kiingilio. Kama safari yako ni ya maziwa na mabwawa ya ndege tu, stempu inakutosha na pasi kubwa huihitaji, na hela yake karibu yote inaenda kununua na kulinda hayo mabwawa yenyewe.

Hatua ya 6: Jua isicholipa

Pasi ya kawaida ya mwaka hailipi kambi, wala hailipi ziara za kuongozwa, vibali vya kulala porini, wala ada ya kubuku. Rocky Mountain msimu wa watu wengi inabidi ubuku saa ya kuingia Recreation.gov, dola 2, hiyo unalipa hata kama una pasi, na bila hiyo nafasi pasi peke yake haikuingizi. Njia ya kupanda Angels Landing kule Zion tangu 2022 ni kibali cha bahati nasibu. Angalia ukurasa wa hifadhi wiki kadhaa kabla, maana taratibu hizi zinabadilika mwaka hadi mwaka.

Great Smoky Mountains hawana kiingilio lakini tangu 1 Machi 2023 ukiegesha zaidi ya dakika 15 unatakiwa uwe na stika, dola 5 kwa siku, 15 kwa wiki, 40 kwa mwaka, na pasi ya America the Beautiful haihusiki hapo, usibishane na askari wa hifadhi. Mount Rushmore vile vile, kiingilio bure, ila parking unalipa.

Sasa wale wenye pasi ya wazee au ya ulemavu, wao kwenye kambi nyingi za serikali kuu wanalipa nusu. Hiki ndo kile kitu nilisema. Kuna kambi moja ya Army Corps pembeni ya ziwa tulikaa na mzee mmoja kwenye vani ya zamani, tulifika karibu wakati mmoja. Malipo pale ni ya sanduku la chuma, unachukua bahasha, unajaza namba ya sehemu yako, namba ya gari, siku ngapi, unaweka hela ndani unaitumbukiza, kipande cha pembeni unakirarua unaenda kukibana kwenye nguzo. Mimi nikaandika 24. Yeye akaandika namba ya pasi yake kwa herufi kubwa kwenye kile kisanduku cha bahasha, akaweka 12, akaondoka. Akaniambia huwa analala hivyo zaidi ya usiku mia kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe hiyo dola 12 mara mia, halafu kama mama au baba yako ana miaka 62 na mnasafiri pamoja, pasi iwe ya kwake na yeye awe garini.

Hatua ya 7: Lala nje ya geti

Ndani ya hifadhi ya taifa usilale kwenye parking, hata kama ni vani na umezima taa. Ni kambi iliyolipiwa tu. Utagongewa usiku na faini itakula akiba yote uliyotafuta.

Lakini karibu na hifadhi nyingi za magharibi kuna ardhi ya BLM au msitu wa taifa ambako unaweza kulala bure, kwa kawaida siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28 kwa BLM, misitu kila mmoja una idadi yake. Bila pasi, bila kubuku, bila maji wala choo pia, kwa hiyo ujitegemee na uchafu wako uondoke nao. Kwa msitu tafuta ramani ya magari ya msitu huo, inaonyesha barabara gani gari linaruhusiwa kuegesha pembeni na kulala. Au ingia ofisi ya wilaya ya msitu umuulize mtu wa mapokezi, hao wanajua mpaka matope yako wapi wiki hii.

Wakati wa baridi wengi wetu tunateremka jangwani. BLM wana maeneo ya kukaa muda mrefu tangu 1983, yanayojulikana zaidi ni La Posa pale Quartzsite Arizona na Imperial Dam upande wa California. Msimu wake ni 15 Septemba mpaka 15 Aprili. Kwa miaka mingi kibali kimekuwa dola 180 kwa msimu mzima au 40 kwa siku 14, hakikisha bei ya msimu wako kabla ya kwenda. Kwa 180 ukikaa miezi saba ni chini ya dola moja kwa siku, na La Posa kuna maji, sehemu ya kumwaga maji machafu na ya takataka. Hiki ni kibali cha peke yake, ile pasi ya 80 haikifuti.

Hatua ya 8: Hifadhi za majimbo ni hesabu nyingine

Kila jimbo lina zake na pasi ya serikali kuu haitumiki. Redwood kaskazini mwa California inawachanganya wengi, sehemu ya taifa haina kiingilio lakini imeshikana na hifadhi za jimbo ambazo zina ada ya kutwa, unavuka mpaka bila kujua.

Sheria yangu ni fupi: ukikaa jimbo moja chini ya wiki mbili lipa kwa siku, ukikaa zaidi angalia pasi ya jimbo. Texas ni dola 70 kwa mwaka, inaingiza wote mlioko kwenye gari, na unapata punguzo kwenye kambi, kwa anayekaa Texas kipindi cha baridi hiyo inarudi haraka sana maana wao wanatoza kiingilio kwa kichwa. Washington ni Discover Pass, tangu Oktoba 2025 ni dola 45. Missouri, Arkansas na Pennsylvania hawana kiingilio kabisa kwenye hifadhi zao za jimbo.

Vani imesajiliwa wapi nayo ina maana. Colorado wakati wa kusajili gari wanakuwekea pasi ya hifadhi za jimbo ya dola 29 mpaka wewe useme hutaki. Usiseme hutaki, ni rahisi kuliko ya kawaida. Na ukiwa na kadi ya maktaba ya huko unaweza kuazima pasi ya jimbo kama unavyoazima kitabu.

Hatua ya 9: Usizidiwe na mafuta

Vani yetu inakwenda maili 15 kwa galoni. Maili 90 za kuzunguka kukwepa geti ni galoni 6. Ukishaweka hiyo kwenye daftari utaona mara nyingi geti la dola 20 ni rahisi kuliko njia ya bure. Kwa hiyo mageti yenye kulipia yapange yafuatane, moja baada ya jingine kwenye njia moja, ndani ya miezi ya pasi. Maeneo ya bure yaweke mwanzoni na mwishoni.

Na hapo ndo unapata kitu ambacho watu wengi hawakifikirii, ile nafasi kati ya pasi moja na nyingine. Si lazima ununue mpya siku ya zamani inapoisha. Yetu tuliinunua 1 Mei 2025, inaisha 31 Mei 2026. Mei yote tunamalizia Oregon, mageti na parking za msitu. Juni tunapanda North Cascades ambako hakuna geti, tukitaka kuegesha kwenye njia za msitu wa jirani tutalipa zile dola 5 kwa siku mbili au tatu tu. Julai mosi asubuhi tutakuwa Montana mbele ya geti la Glacier, hapo ndo tunatoa 80 nyingine, na hiyo itatufikisha 31 Julai 2027.